Mlango wa Pili Nyuma ya Kanisa

Meli ya Bukoba ilikuwa imefunga gati, na bandari ya Mwanza ilijaa wapagazi, makelele na harufu ya ndizi mbivu. Kemilembe, ndani ya gauni la maua ya manjano, alikuja kupokea mkungu wa ndizi aliotumiwa na mjomba wake. Alipojaribu kuunyanyua ukamponyoka, ukatua juu ya kiatu cha kijana aliyesimama jirani: raizoni nyekundu ya soli nene, mpya kabisa.

"Dada, umeniua!" Kijana akaruka kwa mguu mmoja, suruali yake ya bugaluu ikipepea.

"Pole, ndugu. Kiatu kirefu hivyo, nilidhani ni sehemu ya gati."

Kijana akacheka hadi akasahau maumivu. Aliitwa Mayala, fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba. Aliubeba mkungu ule mpaka nyumbani kwa kina Kemilembe, Kirumba, na kesho yake akapiga simu posta, ambako Kemilembe alikuwa opereta.

"Namba tafadhali?"

"Niunganishe na yule aliyenivunja kidole."

"Huyo yuko kazini."

"Mwambie fundi anaumwa. Si kidole tena, ni moyo."

"Basi kunywa uji ulale," akasema Kemilembe, lakini alitabasamu mchana kutwa.

Wakapendana. Jumapili walikula sato wa kuchoma ufukweni, wakitaniana nani mpishi mbaya zaidi. Kasoro ilikuwa moja: Mayala alikunywa pombe. Siku aliyoitwa kujitambulisha kwa mama yake Kemilembe, Mwalimu Kokushubira, mjane aliyeheshimiwa mtaa mzima, kijana alipitia kilabuni kutafuta ujasiri. Alifika akiyumba, akaliamkia kabati shikamoo, kisha akasinzia kitini kabla chai haijamiminwa.

"Usinipigie tena," Kemilembe alimwambia mlangoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Mayala zaidi.

Aliapa kuacha. Akaacha, akarudia, akaapa tena. Mwisho alikwenda zahanati, akamwomba muuguzi dawa.

"Ya kukufanya usitamani pombe sina," muuguzi alisema. "Lakini kuna watu wanakutana Jumamosi alasiri, nyuma ya kanisa pale kilimani. Wote walikuwa kama wewe. Nenda ukakae nao."

Jumamosi Mayala alilizunguka kanisa kwa aibu, kisha akafungua mlango wa kwanza aliouona. Ilikuwa kwaya.

"Karibu! Unaimba besi?"

Nusura akubali ili tu ajifiche. Akaomba radhi, akafungua mlango wa pili. Ndani mlikuwa na mabenchi, watu wachache, na Mzee Masalu wa bandarini akiongoza kikao. Benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, mkoba magotini, alikaa Mwalimu Kokushubira.

Mayala akageuka kukimbia.

"Funga mlango, mwanangu, vumbi linaingia," mama yule alisema. "Ukae. Zamu ni yangu." Akaubana mkoba. "Tangu mume wangu afariki nakunywa gongo chumbani, mlango nimeufunga. Binti yangu anadhani naumwa kichwa. Wiki hii sijagusa."

"Asante, Mama," alisema Mzee Masalu, kisha akamgeukia mgeni. "Hapa kila mtu hutoa habari zake mwenyewe. Za mwenzake haendi nazo popote."

Mayala akakaa. Zamu yake ilipofika alitaja jina lake, na machozi yakatangulia maneno. Hakuna aliyemcheka. Alitoka pale akijiona mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia la pamba mgongoni.

Hakukosa Jumamosi hata moja. Ndipo Kemilembe alipowaona yeye na mama wakishuka kilima, wakicheka kama marafiki. Jumatatu akapiga simu kiwandani.

"Kwa hiyo umekwenda kwa mama yangu akuombee msamaha?"

"Hapana, mpenzi."

"Mlikuwa wapi?"

Neno moja lingemwokoa. Mayala akalimeza. "Siwezi kukuambia, Kemi."

"Basi, kwaheri." Simu ikakatwa.

Jioni Kemilembe alimenya ndizi kwa hasira hadi akajikata. "Mlevi yule amekulaghai na wewe, Mama!"

Mwalimu Kokushubira akamfunga kidole kwa kitambaa, polepole. "Hajanilaghai. Mlevi mwingine yuko humu ndani, mwanangu. Ni mimi."

Akasimulia yote. Kemilembe akakumbuka mapazia yaliyofungwa mchana, na uji aliompelekea mgonjwa asiyeumwa.

"Na Mayala alijua?"

"Alijua. Akakubali umwache kuliko aniaibishe."

Wakakumbatiana, wakalia, kisha mama akashusha pumzi na kuanza kucheka, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Jumamosi Kemilembe alimsindikiza mama yake, akangoja nje ya mlango wa pili. Mayala alipotoka akamshika mkono, wakashuka mpaka ziwani.

"Ungesema neno moja tu, wewe mtu."

"Halikuwa langu."

Maji yaligonga mawe taratibu. Mayala akamgeukia. "Siwezi kuapa kwamba sitaanguka, Kemi. Nimeapa sana. Ila nikianguka, wewe utakuwa wa kwanza kujua. Utanioa hivyo hivyo?"

"Mwanamke haoi, fundi," alisema Kemilembe, machozi yakimlengalenga. "Anaolewa. Uliza vizuri."

Akauliza vizuri. Kemilembe akajibu ndiyo kabla hajamaliza.