Vali ya Solange na Mwaka Uliochongwa Jiweni

Kijijini kwetu Normandia mvua hunyesha mpaka bata wanabisha hodi. Jirani yangu Solange angewafungulia, maana hakuwa na mgeni mwingine. Mumewe Fernand alifariki miaka minne iliyopita. Kila asubuhi Solange alichemsha kahawa ya watu wawili. Alikunywa kikombe kimoja, cha pili akamwaga.

Miaka tisa iliyopita madaktari walimwekea vali mpya moyoni. Vali ni kilango cha damu. Hawakumpasua kifua. Waliipitisha kwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja. Siku ya nne alikuwa nyumbani, anagombana na kuku.

Asubuhi moja alikuja Nadège, muuguzi anayezunguka nyumba kwa nyumba. Alikuja kumfunga kidonda cha mguu.

"Bi Solange, mbona unahema? Umetoka wapi?"

"Makaburini. Mchonga mawe amemaliza kazi."

"Kazi gani?"

"Kwenye jiwe la kaburi la Fernand, nitakapozikwa nami. Jina langu lilikuwepo, na mwaka niliozaliwa. Sasa ameongeza mwaka wa kufa. Mwakani."

Nadège aliiacha bendeji ikining'inia.

"Nani kakupangia hilo?"

"Daktari alisema vali hudumu kama miaka kumi. Mwakani inatimia. Sitaki kusumbua mtu."

"Na mchonga mawe akakubali?"

"Alibisha. Nikamwambia, kaburi langu au lako?"

"Mara ya mwisho ulipimwa moyo lini?"

"Fernand alipokuwa ananipeleka."

Nadège alivuta kiti, akakaa.

"Nisikilize, mama. Vali si maziwa ya dukani, haina tarehe ya kuisha. Nyingi hufika miaka kumi, nyingine huzidi, chache huchoka mapema. Na huchoka polepole. Inakakamaa, au inavuja. Ndiyo maana unatakiwa kupimwa altrasaundi ya moyo kila mwaka, hata ukijisikia mzima. Huko kuhema kwako kunanitia wasiwasi."

"Ikichoka, si ndiyo basi?"

"Siyo basi. Wengi huwekewa nyingine ndani ya ile ya zamani, kwa mrija vilevile. Ila lazima daktari ajue mapema."

Solange alitazama birika la kahawa.

"Miaka hiyo nitaifanyia nini, mwanangu? Kahawa yenyewe namwaga."

Nadège alimaliza kufunga kidonda.

"Kesho nitakuja mapema kidogo. Usimwage."

Wiki hiyo alimpeleka hospitali. Kipimo kilionyesha vali imekakamaa. Madaktari wakachunguza, wakaona nyingine itaingia. Oktoba wakamwekea.

"Na meno?" daktari akamuuliza kabla hajatoka.

"Jino likiuma nasukutua kwa pombe ya tufaha."

"Pombe kunywa kidogo na chakula. Jino peleka kwa daktari wa meno. Vijidudu vya jino bovu husafiri na damu, vikaiharibu vali."

Majira ya baridi Solange alipanda kilima cha kanisa bila kusimama. Mimi nilisimama mara tatu, na bado nasema nilimruhusu anipite.

Desemba mleta barua alipita akiuza kalenda za mwaka mpya, kama kawaida yake.

"Mwaka jana ulinifungia mlango," akamtania.

"Mwaka jana sikuwa na cha kuandika."

Solange alinunua moja, akafungua ukurasa wa Oktoba, akaandika: kupima moyo. Kisha akazitazama kurasa nyingine zote, tupu, akifikiri aanze na ipi.