Mpira Uliokatwa Bure

Aliyeugundua uhalifu ni jirani, naye alikuja kuaga tu. Saa moja asubuhi, siku ya Mzee kulipeleka gari lake la turbo kwenye mkutano wa wenye magari ya zamani, ng'ambo ya mlima, wazee hao wawili waliingia gereji ya nyuma ya nyumba. Waliondoa turubai na kufungua boneti. Jirani akaguna.

"Mzee, huu mpira mkubwa wa hewa umekatwa."

Mzee aliinama. "Nimeuona," alisema, na sauti yake ikapanda mpaka jikoni. "Fundi wangu ndiye aliyefunga gereji jana. Kikulacho ki nguoni mwako. Nitampeleka kituoni leo hii, na hakuna mwenye gari mji huu atakayempa hata tairi la kuziba."

Mkwewe alifika mbio na kandambili mguuni. Alikuwa mpelelezi wa polisi, likizoni, na nyumba nzima ilimwita Afande kwa utani uliokwisha kuwa jina. Alimjua fundi yule. Fundi alikuwa na wateja wachache, wote wameletwa na Mzee. Neno moja la Mzee lingemfungia kazi.

"Baba, nipe mpaka saa nne," alisema. "Kituo hakihami."

Alianza na turubai. Lilikuwa sakafuni pale lilipoangukia, pembe zake zimebaki na mikunjo iliyonyooka. "Mlilikuta limefunikaje?"

"Vizuri mno," jirani alisema. "Limechomekwa chini ya matairi, mpaka tulihangaika kulichomoa."

Basi huyu hakuwa na haraka, Afande aliwaza. Mwizi gani anatandika?

Akamgeukia jirani. "Na wewe umeomba kuuziwa gari hili mara mbili."

"Mara tatu," jirani alijibu bila aibu. "Ndiyo maana nisingeukata mpira wake. Nani anatia mchanga kitumbua anachokitaka? Halafu muulize fundi, mimi ndiye niliyemshikia tochi wiki nzima akifanya kazi humo ndani. Mipira yote naijua."

Fundi aliitwa, akaja na ovaroli lake la jana. Mama mkwe alikuwa mlangoni na birika, akimwangalia kwa huruma. Ukutani nyuma yake ilining'inia picha ya zamani: yeye na Mzee, wote na helmeti, gari hili hili katikati yao, mikono ya Mama imejaa grisi.

"Mpira huu ulikuwa na kazi gani?" Afande aliuliza.

Fundi alimtazama Mama, akamtazama Mzee, akatazama viatu vyake. "Niulize lingine, Afande."

"Mnaona?" alisema Mzee. "Ulimi umemkauka." Akapokea birika kwa mkewe ajimiminie chai, na chai ikaenda pembeni ya kikombe mpaka kwenye sahani. Mama aliifuta kimya kimya, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo.

Afande alikumbuka jambo. Mpira uliokatwa ulikuwa upande wa kulia wa injini. Lakini wakati anaingia, Mzee bado alikuwa ameinama upande wa betri, kushoto kabisa.

Aliwaomba wote watoke, akabaki na fundi. Kisha akashika kipande cha mpira kilichobaki kwenye injini na kukibinya. Ndani mlikuwa na kitu kigumu, cha mviringo.

"Gololi," alisema. "Umeuziba. Huu mpira ulikuwa umekufa kabla haujakatwa."

Fundi alishusha pumzi ndefu. "Mimi na jirani tulimwapia Mzee tusiseme mbele ya Mama. Magari haya ya turbo yana mipira kama utumbo, kila valvu na wake. Mzee akasema nipunguze, ibaki ile ya lazima tu, mifupi, nayo niizungushie waya ili aitambue kwa vidole. Ya zamani nikaiziba na kuiacha juu kwa sura tu. Mama akifunua asijue kilichobadilika."

"Kwa vidole," Afande alirudia. Kumbe macho ya Mzee yalikuwa yanafifia. "Basi wewe huna hatia. Hakuna fundi anayehujumu gari kwa kukata mpira alioufisha mwenyewe. Na aliyekushikia tochi naye hawezi."

Alijua tayari. Kumkamata jambazi ni kazi, lakini kumkamata mama mkwe ni balaa, na Afande alitamani sana angekuwa amekosea.

Saa nne kamili aliwakusanya mbele ya boneti. "Fundi, washa."

Injini ilishika mara moja, ikatulia na kunguruma sawasawa. Jirani alicheka. Mzee aliinua kichwa, akisikiliza kwa raha. Mama peke yake alirudi nyuma hatua moja.

"Haiwezekani," alisema. "Bila mpira ule gari hili lilikuwa linazimika papo hapo."

Alijisikia mwenyewe alichosema, akakaa juu ya tairi la akiba.

"Mama," Afande alisema taratibu, "turubai lile lilichomekwa pembe kama shuka zako zote."

"Nilitaka gari lisiwake, basi, nikachukua mkasi wa jikoni," Mama alisema. "Nisamehe, Fundi. Sikujua lawama zingekuangukia wewe, na zilipokuangukia nikakosa ujasiri. Mzee huyu anamwaga chai nje ya kikombe, halafu anataka kuendesha kwenye kona za mlima. Ningemwambia angekataa. Nikasema heri gari liugue kuliko yeye afe."

Mzee alimgeukia. "Ulijua?"

"Nani hapa hajui? Unampungia mkono mlingoti ukidhani ni jirani."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii kilichomuumbua Mzee ni mkasi wa jikoni. Alicheka, na kicheko kikamtoa machozi.

"Usiku kucha sikulala," alisema. "Nilikuwa naomba mvua inyeshe nipate sababu ya kutokwenda." Alimgeukia fundi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nimekukosea mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Mkutanoni nitasema kazi hii ni ya nani."

Fundi alijibu kwamba yamekwisha. Hapakuwa na wa kupelekwa kituoni.

Mzee alitoa funguo mfukoni na kumpa mkewe. Miaka ile ya mashindano yeye aliendesha na Mama akasoma ramani. Sasa Mama alivuta kiti mbele, akajaribu gia, na Mzee akakaa pembeni yake. Kona zote za mlima ule alikuwa nazo kichwani.

Gari lilianza kutoka polepole.

"Geti hilo," Mzee alisema.

"Nimeliona," Mama alijibu.