Nondo Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Wallahi naapa kwa macho yangu haya mawili, yapofuke kama nimeongeza hata punje ya chumvi! Yalimpata rafiki yangu Koleo, fundi wa simu ambaye mji mzima ni mimi tu ninayemzidi.

Shangazi yake alimwita. Simu ya nyumbani ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki, na mwanawe alikuwa apasuliwe jioni ile, hospitali ya mbali.

“Nataka nimsikie kabla hawajampa dawa ya usingizi,” shangazi akasema. “Ukishindwa, baba, hilo koleo kaliuze kama chuma chakavu.”

Koleo akacheka. Waya wa simu wa kupeleka umeme ardhini ulikuwa umeoza. Akazima umeme, nyumba ikawa giza tupu, akaenda uani kupigilia nondo mpya na kuifunga waya. Mvumo ukakatika. Shangazi akapiga, mwanawe akaitika.

Koleo akarudi uani kukaza kifungo. Nondo aliyoiacha juu urefu wa mkono ilikuwa imebaki kidole. Chini ya ardhi kitu kilikuwa kinakwaruza. Nondo ikazama, waya ukakazika, na ndani meza ya simu ikaanza kuburuzika gizani.

“Usikate, mwanangu,” shangazi alikuwa anasema, “nakusikia vizuri.”

Angeukata vipi waya? Akaushika kwa mikono miwili, akakaza meno mpaka shangazi akaaga. Hapo ukalegea. Kisha ukavutwa tena, taratibu, kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake.

Usimsimulie mtu, tafadhali. Shangazi bado anaitumia simu ile.