Maiti wa Kumi na Mbili

Mwongozaji wa filamu alipopaza sauti, "Kata!", maiti kumi na mmoja waliinuka kutoka kwenye kifusi, wakajipangusa vumbi na kuanza kuulizana chai iko wapi. Wa kumi na mbili hakuinuka. Alilala chali vilevile, uso mweupe kwa unga waliompaka asubuhi, na watu wakamcheka.

"Cliff, baba, amka bwana! Hulipwi kwa kukoroma!"

Ilipita dakika nzima kabla ya kicheko kukatika.

Inspekta Gwen Thackray alifika saa tisa na nusu alasiri. Uchochoro ule wa mji mkongwe wa Hull, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umejazwa matofali ya kubandika na moshi wa mashine, ili uonekane London iliyopigwa mabomu na Wajerumani. Hilo lilimuudhi kila mara. Hull wenyewe ulipigwa mabomu katika vita ile hadi watu wakawa wanalala mashambani, lakini wenye kamera hawaji kutengeneza habari za Hull. Wanakuja kuuazima uso wake, wanaondoka.

Aliyekufa alikuwa Clifford Stamper, miaka sabini na mmoja, dereva wa basi mstaafu. Alikodiwa kwa siku moja kulala kama maiti. Alikufa mchana kweupe, mbele ya watu hamsini na kamera mbili, na hakuna aliyeona.

"Moyo," alisema daktari wa polisi, Ellerby, akivua glavu. "Yapata saa moja na nusu iliyopita."

"Walilipiga picha tukio hili mara tano. Ya mwisho imekwisha saa tisa kasoro robo."

"Basi mara ya tano walimpiga picha ameshakufa. Na kuna jambo jingine, Gwen. Huyu alikuwa mgonjwa wa kujulikana. Alitakiwa kuwa na chupa ya dawa ya kupuliza chini ya ulimi, asiachane nayo hata sekunde. Nimempapasa. Mifuko mitupu."

Hapo ndipo kifo cha kawaida kilipogeuka kazi ya polisi. Mwenye dawa ya kumwokoa mtu, akamwacha afe bila kumpa, ana kesi ya kujibu.

Mtunza maleba alikuwa Rory Pask, kijana mrefu mwenye sindano mbili zimechomekwa kolani. Gwen alimketisha katika ukumbi wa kanisa walimokuwa wakibadilishia nguo.

"Wewe ndiye uliyemtoa vitu mifukoni?"

"Namtoa kila mtu. Filamu ni ya mwaka 1940, hakuna simu za mkononi wala plastiki. Kila mmoja ana mfuko wake wa nailoni wenye namba. Cliff alikuwa namba tisa."

"Na dawa yake?"

"Dawa ni tofauti. Koti lake lilimbana, chupa ikawa inatokeza kifuani. Nikampa Brenda amshikie. Koti lake Brenda lina mfuko mkubwa, na alilala karibu naye kabisa, mkono kwa mkono. Cliff mwenyewe alikubali."

"Nani aliyeona ukimpa?"

Rory alifikiri. "Tulikuwa watatu tu."

"Mmoja kafa."

"Ndiyo."

Sajini Marek Wilk aliingia na mfuko wa nailoni namba tisa, akaumimina mezani. Simu, funguo, miwani, flaski ya chai na vikombe viwili. Mwishoni ikadondoka chupa ndogo yenye kofia nyekundu.

Rory aliruka kitini. "Hiyo haikuwemo! Naapa kwa watoto wangu, haikuwemo!"

"Kaa chini," alisema Gwen. "Uliitia kwenye mfuko huu na vitu vingine, ukasahau. Sasa mtu amekufa, unamtafuta wa kumbebesha."

"Muulize Brenda!"

Brenda Utley alikuwa pembeni mwa ukumbi, blanketi mabegani, nusu ya uso imeoshwa na nusu bado ya maiti.

"Gwen Thackray! Mtoto wa Sheila!" alisema. "Ona ulivyokuwa mkubwa."

Gwen alikuwa amemtambua tangu mlangoni. Bi Brenda ndiye aliyekuwa akiwapakulia chakula shule ya msingi. Watoto wa maskini, waliokula bure, walipewa kadi ya rangi ya waridi, waionyeshe kwenye foleni, wenzao wote wakiangalia. Bi Brenda alikuwa akiichukua kadi ya Gwen haraka, kiganja kwa kiganja, kabla jicho la mtu halijafika, kisha anamwongezea kijiko cha kastadi, ule uji mtamu wa maziwa. Miaka sita alifanya hivyo, na hakuwahi kusema neno.

"Bi Brenda, Rory anasema alikupa dawa ya Cliff."

"Mimi? Hapana, mwanangu. Maskini, ana hofu tu. Msimkaripie."

"Ulisikia chochote mlipokuwa mmelala?"

"Maiti hasikii, mpenzi. Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Gwen alitabasamu, akaandika, akamletea chai yenye sukari mbili. Kisha akamkamata Rory Pask.

Akamtoa kwa mlango wa mbele. Maiti wote walikuwa uwanjani, na habari ilikuwa imeshazagaa. "Muuaji!" alipiga kelele mmoja mwenye jeraha la rangi kwenye paji. Mwingine alimrushia kikombe cha chai, ikamwagikia kifuani. Simu kumi zilinyanyuliwa kumpiga picha. Gwen aliona yote, akamwinamisha kichwa na kumwingiza garini.

Asubuhi iliyofuata Marek alimngoja ofisini, hajavua koti.

"Bosi, majibu ya maabara. Chupa haina alama ya kidole hata moja. Wala za Cliff mwenyewe."

"Rory kaifuta."

"Afute nini? Yeye mwenyewe kasema aliishika, na ni haki yake kuishika. Anayefuta ni yule anayesema hakuigusa."

Gwen aliivuta ripoti ya maabara, akaisoma mwenyewe.

"Na samahani, bosi, nitalisema hata ukinichukia. Yule kijana ulimhoji saa mbili nzima. Yule mama ulimhoji dakika nne, na chai ukamletea wewe."

"Ulikuwa unanihesabia?"

"Nilikuwa mlangoni."

Masikio ya Gwen yaliwaka moto. Kila neno lilikuwa kweli. Alichukua funguo za gari, wakarudi kwa watu wa filamu.

Nesta Pryce, mwanamke wa Wales mwenye sauti ndogo, ndiye aliyekuwa mlinganishi wa picha. Kazi yake ni kuhakikisha kola iliyokunjwa saa tatu imekunjwa vilevile saa kumi, na kila mara kabla ya kamera kuwaka huwapiga watu picha kutoka kila upande.

"Nitafutie Brenda Utley," alisema Gwen. "Mfuko wa koti. Kabla ya mara ya kwanza."

Nesta aliivuta picha ikajaa kioo chote. Mdomoni mwa mfuko wa Brenda palichungulia kitu kidogo chekundu. Chini yake Nesta alikuwa ameandika kwa mkono wake: Brenda, mfuko wa kulia, kofia nyekundu, isukumwe ndani.

"Ni dawa ya Cliff," alisema Nesta. "Mlikuwa hamjui? Hakuna aliyeniuliza."

Marek alitazama ukutani. Gwen angependa ardhi ipasuke.

"Nionyeshe mara ya nne, ya mwisho akiwa hai."

Kamera ilikuwa imekaa chini kabisa, inatambaa taratibu hadi uso wa Brenda ukajaza kioo. Macho wazi, hayapepesi. Ulikuwa uso mzuri, wa mtu aliyeishi. Sauti ya mwongozaji ilisikika nyuma ya kamera: "Vizuri sana, mama. Usipumue."

Pembeni, karibu nje ya picha, vidole vya mwanaume vilitambaa kwenye vumbi. Vikashika mkono wa koti la Brenda, vikavuta. Vikaachia. Vikavuta tena, kwa nguvu. Mara ya tatu vilivuta kidogo tu, vikabaki pale pale.

Uso wa Brenda haukutikisika. Kisha chozi moja lilitoka jicho la kushoto, likachora mstari kwenye unga hadi sikioni.

"Kata! Maiti analia jamani! Mfuteni uso, turudie."

"Tulidhani ni vumbi limemwingia," alisema Nesta. Alikuwa amejifunika mdomo. "Inspekta, ule mkono wa Cliff juu ya koti... Haukuwa hapo mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyeunyanyua nikaurudisha mahali pake. Ulikuwa mzito. Nikamwambia, asante Cliff, wewe peke yako ndiye usiyetikisika."

Gwen alikwenda mahabusu mwenyewe kumtoa Rory Pask. Shati lake bado lilikuwa na doa la chai.

"Nilikosea," alimwambia. "Ulisema kweli tangu neno la kwanza. Nakuomba radhi."

"Mke wangu ameiona video. Mwanangu mkubwa wamemwonyesha shuleni."

"Nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

"Na wale waliokuwa wakinirekodi? Utawapitia mmoja mmoja?"

Gwen alimnyooshea hati ya kuachiliwa. Rory aliichukua, akapita.

Nyumba ya Brenda ilikuwa katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana, upande wa Hessle Road. Alifungua mlango akiwa na aproni. Kababu za viazi zilikuwa zikikaangwa jikoni. Unga wa kijivu ulikuwa bado kwenye nywele zake, palepale zinapogawanyika.

"Nimekukaangia, mwanangu. Nilijua utarudi."

"Zima jiko, Bi Brenda."

Marek alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema laweza kuwa ushahidi. Gwen akaweka picha ya kofia nyekundu juu ya meza. Brenda aliitazama kwa muda, akaanza kujipangusa mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Rory alikupa dawa."

"Alinipa."

"Cliff alikuvuta mkono mara tatu."

"Mmeiona?"

"Tumeiona."

Brenda aliketi. "Ya kwanza nilidhani utani. Cliff alikuwa na mchezo huo, Gwen, anakutekenya kamera ikiwaka ili ucheke ufukuzwe. Ya pili nikawa sina hakika."

"Na ya tatu?"

Brenda aliigeuza ile picha, ikalala kifudifudi.

"Ya tatu nilijua."

"Dawa ilikuwa mfukoni mwako."

"Ilikuwa inanichoma ubavuni."

"Kwa nini, Bi Brenda?"

"Miaka ishirini na miwili!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, kisha ikamwishia. "Kila filamu iliyokuja mji huu nilikuwemo. Mgongo wangu umo. Kiwiko changu kimo. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaita watu waje wakione kiwiko cha Brenda, wanacheka mpaka wanalia. Jana asubuhi Cliff alimfuata mwongozaji, akamwambia, huyu mama muweke mbele, uso wake una habari. Cliff ndiye aliyeniombea, Gwen. Na kamera ikaja kwangu, peke yangu, na yule bwana akaniambia vizuri sana. Nikajiambia, sekunde tano tu. Cliff atasubiri sekunde tano."

"Hata walipokata hukusema."

"Nesta alimnyanyua mkono, nikaona unavyoanguka. Nikajua amekwenda. Ningesema nini? Wangeniuliza kwa nini sikusema mwanzo. Nikalala tena. Baadaye kila mtu anakimbia huku na huku, nikaifuta kwa kitambaa, nikaitia kwenye mfuko wake."

"Ukamwacha Rory."

"Nilijua wewe utaniamini," alisema Brenda, akainamisha uso. "Ndiyo nilivyofanya. Niliitumia ile kastadi ya shuleni."

Hilo lilimwingia Gwen kuliko yote. Marek alikuwa akiandika, kalamu yake ikasimama, kisha ikaendelea.

"Mara ya nne nililia, wakaitupa," alisema Brenda. "Mara ya tano sikulia. Cliff amelala pale na mimi sikutoa hata chozi. Hiyo ndiyo waliyoichukua. Hiyo ndiyo watu watakayoiona."

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akavaa koti. Nje ya dirisha majirani walikuwa wameshatoka. Wawili walisimama kwenye ngazi zao na simu mkononi, kwa sababu gari la polisi halikai Hessle Road bila watu kutaka kujua. Brenda aliwaona, akashika ukingo wa meza.

"Gwen, mwanangu. Nakuomba. Kuna njia ya nyuma."

Marek alimtazama bosi wake.

Gwen aliikumbuka kadi ya waridi na kile kiganja kilichoificha. Akamshika Brenda kiwiko, akamwongoza kupita jikoni, kando ya zile kababu zilizopoa, na akamfungulia mlango wa nyuma. Huko kulikuwa na kichochoro kitupu na mapipa ya taka. Hakuna mtu aliyewaona.

Aibu ilimpata akiwa bado ameshika kitasa. Ukumbi wa kanisa nao ulikuwa na mlango wa nyuma. Alikuwa ameuona jana, wazi kabisa, hatua mbili kutoka alipokuwa amekaa Rory.