Kiti cha Mnong'onezi

Mwalimu Struan alisema, "Geuzeni," na wote waliozunguka meza wakageuza ukurasa kwa pamoja, shwaa, kama kila Jumamosi. Walipokwisha kutulia, ukageuka ukurasa mwingine mmoja, polepole, nyuma ya kiti cha Ishbel Rankine.

Ishbel akageuka. Nyuma yake palikuwa na pazia jeusi tu. Akajiambia ni upepo, maana ukumbi ule wa maigizo ulikuwa kanisa enzi za babu zao na baridi ya Januari ilipenya kila tundu. Tena alikuwa na lake lililokuwa likimtafuna, na mtu anayetafunwa na wivu hata paa la nyumba yake likiondoka atauliza baadaye.

Ngoja nikwambie wivu wenyewe. Katika kikundi cha maigizo cha mji ule mdogo wa kaskazini ya Uskoti, kila mwanamke mkubwa wa jukwaani alikuwa ni Ishbel. Malkia, mjane, mama mkwe mwenye sumu, wote yeye. Hata akienda buchani kununua soseji, muuza nyama humwinamia na kumwita "Mtukufu". Mwaka ule Mwalimu Struan, mstaafu mwenye ndevu nyeupe na kikohozi cha sigara, akachagua tamthilia ambayo kila mwigizaji wa huko huitamani na kuiogopa: ile ya jemadari anayeambiwa na wachawi watatu kwamba atakuwa mfalme, na mke wake anayemsukuma mpaka anamwua mgeni wake usingizini. Sehemu ya yule mke Ishbel aliijua tangu usichana. Aliisema akiosha vyombo, aliisema akioga, mumewe marehemu aliisikia mpaka akawa anamjibu.

Sehemu ile akapewa Merran Tulloch. Daktari wa mifugo! Mtu wa visiwa vya Orkney, aliyehamia mjini juzijuzi tu kiangazi, mwenye mikono ya kuzalisha ng'ombe na sauti ya chini hata ukitaka kumsikia lazima uinamishe kichwa.

"Wewe utakaa kiti cha mnong'onezi," Mwalimu alimwambia Ishbel. "Anayesahau maneno umtupie taratibu asiadhirike. Nani mwingine anayeyajua yote?"

"Hakuna shida, Mwalimu," akasema Ishbel, akicheka na meno tu.

Dolina Fraser akamfinya paja chini ya meza. Hao wawili walikuwa marafiki tangu shule ya msingi, na Dolina alikuwa mmoja wa wachawi. "Meza hiyo nyongo, shoga," akamnong'oneza. "Ukiitema hapa tutapiga deki wiki nzima."

Sasa, Mwalimu Struan alikuwa na mtindo wake. Hakuwaruhusu kuinuka mezani wala kugusa upanga kabla hawajaichambua sehemu ya kwanza ya mchezo mpaka mifupa. Wiki zikapita, wenzao wa vikundi vingine wako jukwaani, wao bado wako mezani na chai na biskuti za siagi, wanabishana.

"Haya, niambieni," alisema Jumamosi ile. "Wachawi walimwambia aue?"

"Hawakumwambia," akasema Dolina. "Tumemsalimia tu jamani, tukamtajia cheo. Mnatuonea bure."

"Basi kwa nini alishtuka?"

Merran akasema kwa kile kisauti chake, "Kwa sababu walimtajia kitu alichokuwa nacho tayari moyoni."

"Eeeh!" Mwalimu akapiga meza, chai ikaruka. "Huyu anasoma! Damu inamwagika sehemu ya pili, lakini dhambi imeshaiva sehemu ya kwanza. Na angekaa tu kimya, nani ajuaye, pengine taji lingemjia lenyewe."

Ishbel alikata biskuti yake vipande vidogo vidogo asiile. Wakati mmoja ni yeye aliyekuwa akipigiwa meza namna ile.

Wakaendelea kusoma. Wakafika pale mke anapopata habari kwamba mfalme atalala nyumbani kwake, naye anawaita pepo waingie kifuani mwake wamwondolee huruma. Siku hiyo Mwalimu alitaka yasemwe bila kitabu. Merran akasimama, akafumba macho, akaanza. Katikati akakwama. Ishbel aliliona neno kwenye ukurasa, kidole kimelala juu yake, na hakulitoa. Aache ahangaike kidogo, aliwaza. Aone.

Merran akaligeuzia pazia uso, akaitikia kwa kichwa, akaendelea mpaka mwisho bila kosa.

"Asante, Ishbel," akasema alipoketi. "Unanong'ona vizuri. Ni kama uko sikioni kabisa."

Ishbel akaligeukia pazia. Ukumbini palikuwa na harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na hapakuwa na mshumaa, hata mmoja, maana bima iliwakataza.

Unadhani aliogopa? Aliogopa, ndiyo, nywele za shingoni zilimsimama. Lakini alipofika nyumbani na kuwasha jiko, hofu ilikuwa imeshapoa, na chini yake akakuta kitu kingine kinachemka. Kwamba kuna kitu mle ukumbini. Kwamba hicho kitu, jini au mzimu au vyovyote watu wa kwao wanavyokiita, kimeichagua sauti ya kuisaidia, na hakikumchagua yeye. Loo! Miaka yote aliyovuja jasho kwenye mbao zile, hata jini limempita likaenda kwa mzalishaji ng'ombe!

Jumamosi iliyofuata alijaribu tena, na iliyofuata. Merran akikwama, Ishbel anauma midomo, na Merran anainamisha kichwa upande wa kushoto, anasikiliza, anaendelea. Sauti yake ilikuwa imeanza kunenepa. Ikajaa ukumbi. Siku moja Dolina alitokwa machozi, akayafuta na mkono wa sweta, na Ishbel akaona kama amepigwa kofi.

"Hata wewe?" akamwuliza kwenye birika la chai.

"Hata mimi nini? Msichana anajua, Ishbel. Tuseme ukweli."

"Anasaidiwa."

"Na nani?"

Dolina akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Na wewe umesikia zile kurasa?"

"Zipi?"

"Usijifanye. Mimi sikai tena upande wa pazia, na si kwa sababu ya baridi." Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Na Merran anakonda. Umemwona? Ile si afya, mama. Mwache."

Amwache! Kukonda kwenyewe kulimpendeza Merran, kulimfanya afanane na malkia. Hilo nalo likamchoma Ishbel.

Basi ikafika Jumamosi ya theluji. Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshakaa madirishani. Merran alichelewa, akaja macho mekundu, akasema, "Mwalimu, nina neno nataka kusema kwanza."

"Tusome kwanza, mwanangu, neno halitaoza," akasema Mwalimu.

Merran akasimama. Kabla hajafungua mdomo, pazia lilivuta pumzi. Ishbel alilihisi likimgusa mgongo, likampita, kitu chenye uzito wa mtu kikipita kumwendea mwingine, na roho ikamuuma namna ambayo hajawahi kuumia tangu amzike mumewe. Akasimama na kitabu chake na, mbele ya kila mtu, kwa sauti kubwa na safi, akalitaja jina la ule mchezo.

Huko kwao jina lile halitajwi ndani ya ukumbi wa maigizo, maana huita balaa. Husema "mchezo wetu", au "mchezo wa Kiskoti", au hukohoa tu. Mtoto wa mwigizaji hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Ishbel!" Kikombe cha Dolina kikavunjika.

Mwalimu Struan alikuwa amekuwa mweupe kuliko ndevu zake. "Nje," akasema. "Sasa hivi. Unajua la kufanya."

Alilijua. Aliyelitaja jina hutoka nje, huzunguka mara tatu alipo, hutema mate, halafu hugonga na kuomba kuingia, na walio ndani humkaribisha. Hapo jina linakuwa limefutwa. Ishbel akachukua koti lake la kijani, akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.

Kwenye ngazi za mawe theluji ilikuwa ikianguka kimya. Hakuzunguka. Hakutema mate. Hilo ndilo alilolikusudia tangu alipolala macho usiku uliotangulia, kulitaja jina na kutolifuta, ili kile kitu kijue nani hasa anakitaka. Akaliweka koti juu ya ukuta wa ngazi, akafungua vifungo vya shingo.

"Mwache yule," akanong'ona. "Mimi ndiye. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuita tangu usichana, kwenye sinki, bafuni, kila mahali. Njoo kwangu. Nipe ile nafasi, na uchukue unachotaka."

Harufu ya mshumaa uliozimwa ikaja, ikawa nzito mpaka ikamkaa kooni, na pumzi ya baridi kuliko ile theluji ikapita sikio lake la kushoto, ikapita shavuni, ikaingia mdomoni kama mtu anayeonja chakula kabla ya kukinunua, naye akafumba macho akingoja kujazwa, akingoja ile nguvu, na badala ya kujazwa akajihisi anamiminwa, anapungua kuanzia vidoleni kuja juu, sauti, joto, uzito wa mifupa, hata jina lake alilitafuta akalikuta linateleza, na hapo hapo, ubavuni pake, mtu akagonga mlango kwa kistaarabu na kusema kwa sauti ya Ishbel Rankine, "Nimekosa, jamani. Naomba niingie."

Akafumbua macho. Mlango ulikuwa wazi, na mwanga wa ndani ulimpiga usoni bila kumpa joto. Mkono wa Dolina ulinyooshwa ukampita, ukashika mkono mwingine.

"Ingia, mama, utakufa na baridi," Dolina akasema, akamvuta ndani mwanamke aliyevaa koti la kijani.

Mlango ukafungwa.

Ishbel aligonga. Aligonga kwa ngumi, kwa viganja, kwa paji la uso. Dolina akafungua, akatazama ngazi, akatazama barabara, macho yakipita juu yake yasitue.

"Kuna nani?" akauliza Mwalimu kutoka ndani.

"Hakuna mtu. Upepo."

"Funga basi, Dolina, joto linatoka," ikasema sauti ya Ishbel, na ilikuwa na kicheko kidogo ndani yake.

Akazunguka mpaka dirishani, akapanda juu ya pipa la taka, akachungulia. Aliwaona wote chini ya taa. Merran alikuwa amesimama na analia, si kilio cha jukwaani.

"Ndilo neno lenyewe nililotaka kusema tangu nilipofika," alikuwa akisema. "Siitaki tena sehemu hii, Mwalimu. Toka wiki ile ya kwanza kuna mtu ananinong'oneza, na mkono wake uko hapa, begani, hata nikiwa kazini, hata nikilala. Nilidhani ni Ishbel. Si Ishbel. Nisameheni. Nilikuwa nimekuja leo niseme apewe yeye. Ni yake tangu mwanzo, kila mtu anajua."

Leo. Angekaa tu kimya kwenye kiti chake, akala biskuti yake, angelipewa leo.

Ishbel akapiga kioo akipiga mayowe, na kioo hakikutikisika. Ndani, yule mwenye koti la kijani alikuwa amemkumbatia Merran na kumpangusa machozi kwa kidole, kwa upole ambao Ishbel hakuwahi kuwa nao. Merran alishtuka alipoguswa, akarudi nyuma mpaka ukutani, akajishika bega. Akamkodolea macho yule mwanamke, kisha akachukua mkoba wake na kutoka mbio bila kumuaga mtu, akapita karibu na pipa, na hakurudi tena.

"Basi, Ishbel," Mwalimu akasema kwa sauti ya uchovu. "Tusikie."

Yule mwanamke akavua koti. Hakuchukua kitabu. Akaanza kuwaita pepo.

Na lahaula, alikuwa mzuri! Kila neno lilitoka mahali pake. Pale Ishbel alipozoea kupaza sauti, huyu aliishusha, na pale Ishbel alipozoea kutikisa mikono, huyu aliiacha ining'inie tu, na kikohozi cha Mwalimu kikakatika, na Dolina akaweka kiganja mdomoni. Ishbel alitazama uso wake mwenyewe ukifanya jambo ambalo hakuliweza maisha yake yote. Akiwa juu ya pipa lile, bila mwili wa kutetemeka nao, lililomjaa si hofu wala majuto. Alimwonea wivu.

Walifungua onyesho mwezi wa Aprili. Watu walitoka hata mji wa Inverness kuja kulitazama, wengine walisimama ukutani kwa kukosa viti. Mwishoni walipiga makofi, wakapiga na miguu, muuza nyama akasimama juu ya benchi na kuita, "Ishbel! Ishbel Rankine!" na ukumbi wote ukalidaka jina hilo na kuliimba.

Nje, mlangoni, alilisikia lote. Akangoja makofi yapungue kidogo, wapate kumsikia, akagonga tena.