Kigingi cha Mstari wa Tisa

Kila asubuhi, watoto wengine wakiwa bado wanafikicha macho, Chapuchapu alikuwa amekwisha kuosha vyombo, kufagia uwanja na kujaza ndoo mbili za maji. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, na shuleni likamganda. Darasani wakipewa hesabu kumi, yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono. Kama tatu kati ya hizo amekosea, hilo alilijua mwalimu peke yake.

Jumatatu hiyo, alipoingia ndani kuvaa viatu, alikuta cherehani ya mama imezama kwenye kitambaa cheupe kirefu, kilichomwagika hadi sakafuni.

"Cha nani hicho, mama?"

"Usikiguse, mikono yako ina maji! Ni cha kufunikia kibao cha kaburi la Mama Maji-Moto. Jumamosi mgeni rasmi atakivuta, watu wapige makofi." Mama alicheka, pini zikiwa midomoni. "Na kaburi ameonyesha binti yangu. Wiki hii natembea kichwa juu, usinione hivi."

Chapuchapu aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Kitambaa kile, kilivyolala pale, kilifanana na sanda.

Mama Maji-Moto alikuwa muuguzi. Miaka arobaini iliyopita, kipindupindu kilipoingia mjini, alipita mlango kwa mlango akigonga sufuria na kufoka, "Chemsheni maji! Chemsheni maji!" Wengi walipona kwa sababu ya kelele zake. Yeye mwenyewe hakupona. Siku zile watu walizikwa harakaharaka, na kaburi lake likapotea, hadi mwalimu wa historia alipookota daftari kuukuu katika stoo ya hospitali. Liliandikwa: mstari wa tisa kutoka langoni, kaburi la nne kutoka ukutani.

Mwalimu alikuwa na mguu mbovu, hakuweza kupita kwenye matuta. Wiki mbili nyuma alimkabidhi Chapuchapu kigingi chenye kitambaa chekundu.

"Hesabu mara mbili, ndipo ukipigilie," alimwambia.

Mistari sita aliihesabu bila shida. Mbele yake ilikuwa miiba mitupu, imesongamana hadi kifuani, na jua lilikuwa la utosi. Alisimama kidogo. Kisha akakipigilia kigingi kwenye kaburi la nne la mstari wa sita, ambalo lilikuwa safi, akarudi mbio.

"Umehesabu mara mbili?"

"Ndiyo, mwalimu. Mara mbili."

Sasa, Jumatatu hiyo, akirudi nyumbani kutoka shule, alipita makaburini na kuona shimo limechimbwa mahali pa kigingi. Jumanne shimo lilikuwa limejaa zege. Jumatano ilisimama nguzo ya matofali. Alhamisi fundi mwashi alikuwa juu ya ngazi akikaza boliti za kibao cha chuma chenye jina la Mama Maji-Moto.

Kulikuwa na jambo jingine. Tangu Jumatatu, mwanamke mrefu mwenye mtandio wa kijivu alisimama nje ya lango, fagio mkononi. Hakusalimia mtu. Alitazama tu.

"Yule mama mbona anakuangalia wewe?" aliuliza rafiki yake wa dawati moja.

"Ananiangalia mimi kwa lipi? Twende zetu."

"Mbona unakimbia? Nisubiri!"

Ijumaa alikusudia kupita njia nyingine. Lakini alipofika nyumbani, mama alimtia kitambaa mikononi, kimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. "Mpelekee fundi. Na usikiburute!"

Mawingu yalikuwa yameshuka chini, hewa nzito, hata majani hayakutikisika. Fundi alikifunika kibao, akaona kamba haitoshi, akaenda kutafuta nyingine. Chapuchapu alibaki peke yake mbele ya kile kitu cheupe. Ndipo aliposikia nyuma yake fagio likikwaruza ardhi, polepole.

Aligeuka. Yule mwanamke alikuwa anafagia makombo ya zege.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Wewe ni wa shule ile?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nieleweshe, mwanangu. Hapa amelala baba yangu. Alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka ya wagonjwa mpaka ugonjwa ukampata. Nilikuwa na miaka tisa alipozikwa. Kila mwezi nakuja kumfagilia. Safari hii nimekuta kaburi limechimbwa, na sasa amejengewa jina la mtu mwingine." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Nimemuuliza fundi, ananiambia mtoto wa shule kapima, karatasi imepitishwa. Siku tano nasimama pale nje natafuta maneno. Nitabishana na karatasi kwa kitu gani? Mimi sina karatasi."

Chapuchapu aliangalia langoni. Njia ilikuwa wazi. Angenyamaza tu hadi kesho, makofi yapigwe, mambo yaishe. Lakini dobi angebaki chini ya jina lisilo lake, na Mama Maji-Moto angebaki kwenye miiba, na hakuna ambaye angemtafuta tena, kwa kuwa kila mtu angeamini ameshapatikana.

"Si karatasi, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Sikufika mstari wa tisa. Niliogopa miiba, nikadanganya."

Fagio lilisimama. Fundi, aliyekuwa anarudi na kamba, naye alisimama.

"Umesema nini wewe mtoto? Wageni wanakuja kesho saa nne!"

"Mwalimu wako anajua?" mwanamke aliuliza.

"Hapana."

"Twende."

Alimshika mkono wakaenda shuleni, fundi akiwafuata nyuma. Kiganja chake kilikuwa kigumu, na njia nzima Chapuchapu hakujua kama ameshikwa kama mtoto au kama mwizi.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi. "Mara mbili," alisema taratibu. "Uliniambia mara mbili." Chapuchapu angeona afadhali apigwe kofi.

Kisha mwalimu alichukua fimbo yake ya kutembelea. "Na mimi nina kosa langu. Nilipaswa kwenda mwenyewe, hata kwa kutambaa. Fundi, lete mapanga."

Walifyeka wote wanne. Miiba ilimchana Chapuchapu mikono, akaendelea kufyeka. Mstari wa saba. Wa nane. Wa tisa. Kaburi la nne kutoka ukutani lilikuwa tuta dogo lililobonyea, na katikati ya mizizi walikuta kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari: herufi mbili za kwanza za majina ya muuguzi. Fundi alivua kofia. Chapuchapu akarudi hadi langoni na kuhesabu upya kwa sauti.

Jioni hiyo mama aliposikia habari hakufoka. Alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali, kwa muda mrefu. "Kesho utayasema hayo mbele ya watu," alisema mwishowe. "Nitakuwepo."

Aliyasema. Wageni walinong'ona, mgeni rasmi alitazama saa yake, na sauti ya Chapuchapu ilikatika mara tatu kabla hajamaliza. Kisha watu wote walivuka, mmoja mmoja, kwenye njia mpya iliyofyekwa hadi mstari wa tisa, ambako fundi alikuwa amefunga kibao alfajiri kwenye msingi mdogo wa matofali. Kitambaa kilivutwa. Hakuna aliyepiga makofi mara moja.

Nguzo ya mstari wa sita haikubomolewa. Fundi aliipaka chokaa, akaandika kwa brashi jina la dobi na kazi yake.

Wageni walipotawanyika, binti wa dobi alimwita Chapuchapu.

"Sikiliza. Ungekosea kuhesabu, ningekusahihisha, yakaisha. Kukosea si dhambi. Lakini ulisema umefika mahali ambapo hukufika, na watu wazima wakakuamini, wakajenga. Ukisema jambo, ujue kuna mtu atajenga juu yake. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Hakuna atakayekula nyama yako."

"Nimekusikia, mama. Nisamehe."

"Nilikusamehe jana, uliposema kweli wakati njia ya kukimbia ilikuwa wazi." Akamnyooshea panga, mpini mbele. "Haya, shika. Mstari wa kumi bado umefungwa na miiba, na humo nako wamelala watu."