Chumvi Aliyoificha Mama

Jumamosi asubuhi soko lilikuwa limefurika. Watu walipishana kwa mabega, mikoba ikikwaruzana, na kila muuzaji alikuwa akiita kwa sauti yake. Katikati ya purukushani hiyo, mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu alisimama mbele ya duka la viungo, akazitazama chupa za mafuta zilizopangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, akajishika kichwa kama mwanafunzi aliyekutana na swali ambalo hakulisoma.

Mwenye duka alimwacha ateseke kidogo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, gauni lake la rangi ya machungwa limefunikwa na aproni yenye madoa ya manjano, nywele amezibana chini ya kitambaa. Wateja walimwita Kungumanga. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, ndiye aliyemwachia duka, akisema binti huyu ni mgumu kukwaruza, lakini ukishamkwaruza nyumba nzima inanukia.

"Naomba mafuta mazuri," yule mwanamume alisema hatimaye.

"Mazuri ya kukaangia, ya kunyunyizia kwenye saladi, au ya kulainishia bawaba za mlango?"

"Ya bawaba ninayo," alijibu bila kucheka. "Mimi ni fundi wa lifti."

Hapo Kungumanga ndiye aliyecheka. Fundi naye akatabasamu, akatoa mfukoni karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne na kueleza shida yake. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ilimkatika akipanda ngazi, na daktari alikuwa amemkataza chumvi, pamoja na vitu vyote vya pakiti na kopo vilivyotiwa chumvi tangu kiwandani. Waliishi wawili tu katika nyumba ya ghorofa ya nne. Fundi maisha yake yote hakuwahi kushika mwiko. Sasa, kwa wiki nzima, alikuwa amechemsha maharage na mboga, na mama yake alivimeza kama mtu anayemeza dawa.

Kungumanga aliwasahau wateja wengine. Alimteremshia mafuta ya alizeti akamwambia hayo ndiyo ya kukaangia, kwa sababu harufu yake haigombani na chakula. Ya ufuta atie matone machache tu chakula kikikaribia kuiva. Ya zeituni ayamwagie juu baada ya kuepua. Tena anunue chupa ndogo, aiweke kabatini mbali na jiko, maana mafuta yakipigwa na joto na mwanga huchacha. Kwenye viungo alimkataza kabisa vya unga. Alichukua mbegu za giligilani, akazisaga kati ya viganja vyake, akamsogezea puani. Fundi akafumba macho. Kisha bizari nyembamba, kisha pilipili manga, kisha kijiti cha rozmari mbichi. Ulimi uliozoea chumvi, alimwambia, hudanganywa kwa limau, tangawizi na kitunguu saumu, lakini hudanganywa polepole, kwa hiyo asikate tamaa.

Fundi aliandika yote nyuma ya karatasi ya daktari. Kungumanga akaichukua, akaongeza nambari yake ya simu chini kabisa, akasema kitu kikiungua ampigie.

Kiliungua siku hiyo hiyo.

"Bizari imekuwa nyeusi," Fundi alisema kwenye simu. "Inanuka kama waya ulioungua."

"Moto ulikuwa mkubwa. Mwaga uanze upya."

"Nimwage yote?"

"Yote, mpenzi. Bizari ikiungua haina msamaha."

Neno lile lilimponyoka kama linavyowaponyoka wauzaji kila siku. Lakini safari hii lilipotoka, kwenye simu ikasikika sufuria tu.

"Nimesikia," Fundi alisema.

"Umesikia kuhusu bizari?"

"Yote mawili."

Tangu siku hiyo simu hazikukoma. Fundi alimpigia akiwa juu ya paa la lifti, sauti yake ikirudi kama ya mtu aliye kisimani, kumuuliza kama mdalasini unakubaliana na malenge. Jumapili alikuja kumchukua, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na walitembea barabara za katikati ya mji wakitazama majengo marefu. Fundi alimwonyesha lifti zake kama mtu anayeonyesha mifugo: ile ya benki ni mvivu, ile ya hoteli ina kiburi. Kungumanga alimtania kwamba mikono yake sasa ilinuka grisi na tangawizi kwa pamoja, na kwamba hakujua mwanamke mwingine ambaye angevumilia mchanganyiko huo. Fundi akasema hakuwa akitafuta mwingine.

Kila jioni alimpa habari za jikoni. Alikwishajua kukaanga mbegu kavu mpaka ziruke, alijua kutia majani mabichi mwisho. Zaidi ya yote, alifurahia kwamba kila alichompikia mama yake asubuhi, akirudi kazini alikuta sahani imeoshwa na kuinamishwa pembeni mwa sinki. Alisubiri mama apate nguvu kidogo tu, ndipo awakutanishe.

Mama hakusubiri. Jumanne moja mchana, soko likiwa limepoa, mwanamke wa makamo aliyevaa gauni la kijivu alifika dukani akijishikilia kwenye rafu. Kanda za viatu vyake hazikufungwa kwa sababu miguu ilikuwa imejaa. Kungumanga alimwamkia, akamletea kigoda. Kabla hajaambiwa alikuwa ameshajua. Paji la uso lilikuwa lile lile la Fundi.

Mama alipata pumzi, akaomba viungo vya mchuzi vya pakiti, vile vyenye chumvi.

"Siwezi kukuuzia hivyo, mama," Kungumanga alisema taratibu. "Na wewe unajua kwa nini."

Mama hakukasirika.

"Mwanangu, wacha nikwambie kitu. Kila asubuhi ananipikia kabla ya kwenda kazini. Akifunga mlango, nakimwaga. Naosha sahani, naiinamisha. Akirudi anaiona, anafurahi mpaka namwonea huruma. Chakula hakipiti, mwanangu. Nimejaribu. Sasa nitamwambiaje mtu anayeamka alfajiri kunikatia vitunguu?"

Kungumanga alifikiria simu zote za jioni, na furaha ya Fundi akizungumzia sahani ile. Chumvi hakumpa. Badala yake alivuta kigoda cha pili, akaketi naye, akaanza kuchanganya. Giligilani iliyokaangwa kavu, bizari nyembamba, pilipili manga, kitunguu saumu kilichokaushwa, ganda la limau lililosagwa. Alichovya kipande cha tango, akamwonjesha. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza limau. Mama akatikisa tena. Walikwenda hivyo karibu saa nzima, wakicheka mara mbili tatu, mpaka mama alipotafuna kipande kimoja polepole, akanyoosha mkono kuomba kingine.

Kungumanga alifunga mchanganyiko ule kwenye mfuko wa kaki wenye muhuri wa duka. Mama alisema angejinyunyizia mwenyewe, kwa siri. Kisha akamshika kiganja.

"Asijue nilikuja. Na asijue nilikuwa namwaga. Niahidi."

Kungumanga aliahidi. Ahadi ilikuwa nyepesi wakati ule. Wiki moja baadaye, nambari asiyoijua ilimpigia mchana. Ilikuwa sauti ya mama, imejaa kicheko kidogo: siku hiyo alikuwa amemaliza sahani, na safari hii kwa kweli.

Mwezi haukuisha mama akazidiwa. Alipelekwa hospitali akiwa hawezi kulala chali, na Fundi alilala kwenye benchi la korido siku mbili bila kubadilisha nguo. Siku ya tatu alifika dukani asubuhi, macho mekundu, ndevu zimemwota. Kungumanga alitoka nyuma ya meza kumpokea. Fundi hakumkumbatia. Aliweka mezani mfuko wa kaki.

Alikuwa ameukuta kwenye droo ya mama yake alipokwenda kumchukulia nguo. Alimimina vilivyokuwemo: pakiti tatu za viungo vya mchuzi vyenye chumvi, moja imebaki nusu.

"Hizi hazikutoka hapa," Kungumanga alisema.

"Na mfuko?"

Kungumanga aliutazama muhuri wa duka lake.

"Mama alikuja hapa?"

Jibu lilimfika kwenye ulimi, likakwama. Akisema alikuja, angeulizwa alifuata nini. Akisema alifuata nini, yangefuata yale ya sahani, na mama alikuwa bado hai, kitandani, akimtegemea. Aliinamisha macho kwenye pakiti. Fundi alimsubiri, alimsubiri kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye alipokumbuka.

"Nilikuletea ugonjwa wa mama yangu mikononi mwako," Fundi alisema, sauti yake ndogo. "Ukaufanyia biashara."

Akaondoka. Mfuko aliuacha.

Mama aliishi siku tisa zaidi. Kungumanga alipata habari za msiba kwa mteja mmoja aliyeishi jengo lile lile la Fundi. Alifunga duka, akavaa gauni jeusi, akapanda ngazi za ghorofa nne. Nyumba ilijaa watu. Alikaa na wanawake kwenye korido, karibu na mlango wa jiko, na kutoka pale aliziona mbegu alizomchagulia, kwenye vichupa vilivyopangwa dirishani, kila kimoja na kikaratasi chenye mwandiko wa Fundi. Alilia kimya kimya kama wenzake. Fundi alipita amebeba viti. Macho yao yakakutana, na yeye akapita kama mtu aliyetazama ukuta.

Wiki tano zilipita. Ndipo simu za Fundi zilipoanza tena, tatu kwa siku, nne. Kungumanga aliziacha zilie. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomfanya asishike simu. Mwishowe Fundi alikuja mwenyewe, alasiri ya mvua, ovaroli imemgandia mwilini.

Mama yake mdogo alikuwa amemwambia. Ni yeye aliyekuwa akimletea dada yake zile pakiti, kila alipokuja kumtazama, kwa sababu alimhurumia. Na dada yake, asiyemficha kitu, alikuwa amemsimulia habari za duka, kigoda, tango na ahadi. Mama mdogo alikaa na maneno hayo kifuani mpaka yakamshinda, akayatoa huku akipiga magoti.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi aliuliza.

"Aliniomba."

"Ningekuelewa."

"Labda. Lakini ungejua kwamba alikuwa akimwaga chakula chako, naye bado yuko kitandani. Hakutaka umtazame ukiwa unajua."

Fundi aliketi kwenye kigoda. Aliuliza lile alilolijia, na alichukua muda kulitoa.

"Hakukila kabisa?"

Kungumanga alipiga magoti mbele yake ili amwambie uso kwa uso. Alimwambia kweli yote. Mwanzoni alikimwaga. Baadaye alikila. Alimwambia habari za simu ile ya mchana na kicheko kilichokuwamo. Fundi alifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, na Kungumanga alimshika kichwa akakilaza begani kwake. Walikaa hivyo mvua ikipiga bati, na wateja wawili waliochungulia wakaona vema wapite.

Fundi alipotulia alimwomba msamaha, na Kungumanga akampa, bila kumzungusha. Kisha Fundi akamwomba amuoe. Aliyasema vizuri, kwa maneno machache, kama mtu aliyeyafikiria njia nzima. Kungumanga alihisi moyo wake wote ukisema ndiyo.

"Kuna lingine alilokuambia mama?" Fundi akauliza.

"Hakuna."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Lakini macho yake yalibaki usoni pa Kungumanga kidogo zaidi ya macho ya mtu aliyeamini. Lilikuwa jambo la kupepesa jicho tu, na Fundi mwenyewe hakujua amelifanya. Kungumanga aliliona. Alikuwa ameliona mara moja kabla, siku ya mfuko.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Sitaolewa na wewe. Mimi ni mtu wa kunyamaza, Fundi. Nikinyamaza jikoni utajiuliza. Nikinyamaza kitandani utajiuliza. Hutataka, lakini utajiuliza. Na mimi nitakuwa nasema sana ili usijiulize, mpaka nichoke."

Fundi alikataa, akaapa, akamshika mikono. Alisema angebadilika. Kungumanga alimwambia alijua angejaribu, na kwamba hilo ndilo ambalo hakutaka kulitazama, mtu akijaribu kumwamini kila siku. Mvua ilipungua. Fundi akainuka, akasimama mlangoni muda mrefu, kisha akaenda.

Mwezi uliofuata alipata kazi mji mwingine, ambako walikuwa wakijenga majengo mapya. Alimpigia siku ya kuondoka, akiwa kituo cha mabasi. Nyuma ya sauti yake Kungumanga alisikia makondakta wakiita abiria. Waliulizana hali. Kungumanga akamtakia safari njema.

"Mama alikupenda," Fundi alisema.

"Najua. Nami nilimpenda."

Basi lilipiga honi. Fundi alisema haya basi, naye akasema haya, na simu ikakatika. Kungumanga aliendelea kuishika sikioni. Upendo wao kwa marehemu walikuwa wameusema, na upendo wao wenyewe hakuna aliyeutaja. Alipoishusha, mwanamke mmoja alikuwa mbele ya rafu akisubiri kuhudumiwa. Kungumanga alimwomba radhi, akaingia nyuma ya gunia la pilipili manga, akaketi chini, na kulia kwa sauti kwa mara ya kwanza.